Tunavumbua sisi, wanavuna wengine: mpaka lini?



Anayeifahamu Brussels anaifahamu Chaussée de Wavre. Ukitoka kituo cha Porte de Namur na kuingia barabara hiyo, hazipiti dakika tano umeshafika Matonge, mtaa wetu Waafrika uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Hapo ndipo tunaponunua pondu, makayabu na kwanga. Hapo ndipo tunaposukwa nywele, tunapotuma fedha nyumbani na tunapobishana siasa mpaka mwenye duka anazima taa.

Lakini wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza hiyo Wavre ni nini? Wavre ni mji, uko kusini-mashariki mwa Brussels, na barabara yetu imepewa jina hilo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikielekea huko. Pale Wavre pana viwanda vikubwa vya chanjo vya kampuni ya GSK. Ukisogea mbele kidogo unaingia Louvain-la-Neuve, mji uliojengwa kwa ajili ya chuo kikuu, uliojaa kampuni zilizozaliwa na utafiti wa chuo hicho. Kwa hiyo njia ni ile ile moja. Upande huu tunauza nguvu za mikono yetu, upande ule wanauza wanachokijua. Leo tunapenda tuzungumzie umbali uliopo kati ya pande hizo mbili, maana si umbali wa kilomita.

Tuanze hapa hapa mtaani. Yuko dada mmoja msusi, jina lake tunaliacha kwa heshima yake. Alisomea biokemia Lubumbashi. Shahada yake hapa haikupata kutambuliwa, akaingia saluni. Katika miaka yake ya kusuka aligundua jambo: maji ya mabomba ya Brussels yana chokaa nyingi, na ile chokaa pamoja na baridi ndiyo inayokausha na kukatisha nywele za wateja wake. Kwa kuwa ni mtu aliyesoma, hakuishia kulalamika. Alijaribu mchanganyiko huu na ule, akaandika kwenye daftari, akaacha yaliyoshindwa na kubaki na yaliyofaa. Leo wanakuja watu kutoka Liège na hata Lille, ng'ambo ya mpaka, kununua mafuta yake. Anawauzia katika vichupa vya jamu vilivyooshwa, visivyo na jina wala karatasi.

Tulipomuuliza kwa nini hasajili biashara hiyo, alitucheka. "Kaka, makaratasi ya ukaazi peke yake yamenichukua miaka sita. Unataka nianze mengine?"

Wiki chache zilizopita mfanyabiashara mmoja alimfuata na kumwahidi euro 500 taslimu ampatie ile siri ya mchanganyiko. Dada yetu ana mdogo wake anayesoma nyumbani, na karo inadaiwa. Alitupigia simu kutuomba ushauri. Tulimwambia asiuze. Halafu tulipokata simu tukajiuliza: sisi ni nani wa kumwambia asiuze, kama hatuna njia nyingine ya kumwonyesha? Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Maana kisa cha dada huyu si kidogo kama kinavyoonekana. Ni kisa cha nchi nzima, na tuna ushahidi.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, kaskazini mwa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Mmoja wa madaktari wa mwanzo kufika pale alikuwa kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma Lovanium pale Kinshasa kisha akapata shahada ya uzamivu hapa Ubelgiji, Leuven. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu, kwa sababu hazikuwapo. Alinusurika kwa rehema za Mungu. Damu ya mtawa wa Kibelgiji aliyeugua kule ilisafirishwa kwa ndege ndani ya chupa ya chai mpaka Antwerp, si mbali na hapa tunapoandika. Virusi vikaonekana, vikapewa jina la mto Ebola. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti ya dunia vilisimulia habari za wanasayansi wa Antwerp na Atlanta. Muyembe alitajwa pembeni, kama alitajwa.

Mwaka 1995 Ebola ikarudi, safari hii Kikwit. Muyembe na wenzake walifanya jambo ambalo wataalamu wengi wa nje walilipuuza: walichukua damu ya watu waliopona wakawatia wagonjwa 8. Kati ya hao 8, walipona 7. Wakubwa wakasema hiyo si sayansi, hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa kanuni za utafiti walikuwa na hoja. Lakini Muyembe hakuiacha fikra yake: ndani ya damu ya aliyepona mna kinga, na kinga hiyo inaweza kuwa dawa.

Miaka 11 baadaye, watu walionusurika Kikwit walitoa damu kwa ajili ya utafiti. Wanasayansi wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, pamoja na wenzao wa Uswisi na taasisi ya Muyembe, INRB ya Kinshasa, wakapata ndani yake kingamwili moja yenye nguvu. Wakaiita mAb114. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016. Kisha Agosti 2018 Ebola ikalipuka Kivu ya Kaskazini, kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili: Mangina, Beni, Butembo, Katwa. Iliua zaidi ya watu 2,200. Katikati ya risasi na mazishi, dawa 4 zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35. Waliopewa ZMapp, dawa iliyotumika kama kipimo cha kulinganishia, walikufa karibu asilimia 50. Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wa majaribio hayo. Agosti 2019 alitangaza kwamba Ebola sasa ina tiba.

Haya, tuulize sasa: dawa hiyo inauzwa na nani?

Inaitwa Ebanga. Leseni ya kuiendeleza alipewa Ridgeback Biotherapeutics, kampuni ndogo ya Miami, Florida. Desemba 2020 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo. Fikra ni ya Mkongo. Damu ni ya Kikwit. Waliolala vitandani wakajaribiwa ni watu wa Beni na Butembo. Leseni iko Miami.

Wepesi wa hasira watasema tumeibiwa. Sisi hatusemi hivyo. NIH ilitumia fedha za walipa kodi wa Marekani, maabara zake na watu wake. Majaribio yalifanyika wazi, na INRB ilishirikishwa kweli kweli. Dawa imeokoa watu wetu, na ilipelekwa tena Bulape, Kasai, ugonjwa ulipozuka huko mwaka 2025. Tunashukuru.

Ila itazameni vizuri hiyo kampuni ya Miami. Haikugundua Ebola. Haikuvumbua mAb114. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, kampuni hiyo hiyo ilichukua leseni ya dawa nyingine, molnupiravir, iliyotoka Chuo Kikuu cha Emory kule Atlanta, na baada ya miezi michache ikaingia mkataba na kampuni kubwa ya Merck. Hiyo nayo haikuvumbua. Ujuzi wao ni mmoja tu: wanajua namna ya kuchukua kitu kilichogunduliwa na wengine na kukipitisha katika ile njia nyembamba ya leseni, fedha, majaribio na vibali mpaka kifike sokoni. Huo ni ujuzi, ndugu zangu. Unasomwa kama udaktari unavyosomwa. Na ndio ujuzi ambao sisi hatuna.

Tumezoea kuambiwa kwamba Mwafrika havumbui. Huo ni uongo. Tatizo letu linaanza siku ya pili, baada ya kuvumbua, pale inapotakiwa kuandika ni nani mwenye kitu hicho na atapata kiasi gani kikiuzwa.

Msidhani ni maradhi ya Kongo peke yake. Tuchukue M-Pesa, ambayo Afrika Mashariki nzima tunaringia. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, ilifanya majaribio Kenya ya kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wananchi walioingizwa katika majaribio wakaanza kufanya mambo yao: wakatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, wakalipiana, wakahifadhi akiba njiani wasiibiwe. Kwa maneno mengine, watumiaji wa Kenya waligundua matumizi ambayo walioleta mtambo hawakuyalenga. Vodafone na Safaricom wakawa na busara ya kutazama na kusikiliza, na Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kama huduma ya kutumiana fedha. Ilibadilisha maisha. Lakini jina na mtambo vilikuwa mali ya Vodafone, na Safaricom ililipia kuvitumia mwaka hadi mwaka, mpaka 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walipovinunua kwa pamoja. Miaka 13 tunalipia neno "pesa"!

Sasa turudi barabarani kwetu, kwenye ile Louvain-la-Neuve, maana ina somo ambalo sisi Wakongo linatuuma.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilifungua chuo binti pale Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kikaitwa Lovanium, yaani Louvain kwa Kilatini. Mwaka 1959 Lovanium ikawasha kinu cha nyuklia cha utafiti, cha kwanza katika bara zima la Afrika. Baadaye ugomvi wa Wabelgiji wa lugha mbili ulikigawa kile chuo mama, na upande wa Kifaransa ukahamia kwenye mashamba karibu na Wavre, ukajenga Louvain-la-Neuve kuanzia mwaka 1971. Wakaweka huko mashine yao ya kurusha chembe za atomu, inayoitwa saiklotroni. Kwa hiyo ni kama ndugu wawili wa tumbo moja. Na yule wa Kinshasa ndiye aliyetangulia kupata chombo kikubwa.

Mwaka 1986 watu wa kituo kile cha saiklotroni, wakiongozwa na mhandisi Yves Jongen, walianzisha kampuni, IBA. Leo IBA inajulikana dunia nzima kwa kutengeneza mashine za kutibu saratani kwa miale ya protoni. Walichojifunza maabara wamekigeuza ajira, kodi na tiba.

Na ndugu yake wa Kinshasa? Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana, askari wakawapiga risasi. Juni 1971 waliwakumbuka wenzao waliouawa, Mobutu akawaingiza jeshini kwa nguvu. Mwaka huo huo chuo kikanyang'anywa uhuru wake, kikaunganishwa na vingine katika chuo kimoja cha taifa chini ya mkono wa serikali. Walimu wakaanza kutafuta njia ya kuondoka. Mwaka ule ule wenzao wanaweka jiwe la msingi, sisi tulikuwa tunawavisha wanafunzi sare za jeshi.

Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi wenyewe hatukuja Brussels kwa matembezi. Tumekimbia kwa sababu ya kalamu. Tunajua kwamba mwandishi anapokimbia, daktari na mhandisi nao wanafunga mizigo, kwa kuwa penye hofu hakuna anayeuliza maswali, na uvumbuzi wote huanza na swali. Watawala wetu wanaopenda kufungua makongamano ya "sayansi na ubunifu" walitambue hilo.

Lakini tusiwatupie watawala kila kitu. Sisi tulioko huku tumefanya nini? Barabara hii hii ina wahandisi wanaoendesha teksi, wauguzi wanaosafisha ofisi, wanasheria wanaopanga bidhaa madukani. Vikao vyetu ni vya harusi, misiba na vyama vya siasa. Tuna likelemba, au upatu kama wanavyoita Watanzania, ambapo kila mwezi mmoja wetu anapokea kitita. Kitita kinakwenda kwenye gari, nguo na sherehe. Hatujawahi kukaa likelemba moja tukasema: mwaka huu zamu zote tatu tunampa dada mwenye daftari, na sisi tuwe na hisa.

Wapo watakaotuuliza: je, dawa na maarifa ni vitu vya kugeuza biashara? Tunawajibu kwamba biashara itafanyika tu, tupende tusipende. Swali ni nani atakaa mezani bei inapopangwa. Muyembe mwenyewe katika uzee wake amesimamia kwamba sampuli za damu ya wagonjwa wetu zisiendelee kuondoka ovyo kama zilivyoondoka mwaka 1976. Huo si ubinafsi. Ni mtu aliyejifunza.

Wengine watasema hatuna mtaji. Ni kweli kwa dawa ya Ebola. Hiyo inataka mamilioni. Si kweli kwa mambo mengi mengine. Basi tupendekeze mambo manne ambayo hayahitaji waziri.

Kwanza, vijana wetu wanaosoma vyuo vya Ulaya waulize swali moja kabla ya kuandika tasnifu: nikigundua kitu, ni cha nani? Kila chuo kikubwa hapa kina ofisi inayoshughulikia hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, na kuanzisha kampuni. Leuven walianza ofisi yao tangu mwaka 1972. Mtoto wa Goma au Kigoma ana haki ya kugonga mlango huo kama mtoto wa Ghent. Na akumbuke kwamba ukishatangaza uvumbuzi wako hadharani kabla ya kuombea hataza, hapa Ulaya kwa kawaida umeshaipoteza.

Pili, watafiti wetu nyumbani wasitoe sampuli bila mkataba wa maandishi. Wengi hudhani Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inatulinda. Inahusu mimea, wanyama na vijidudu, lakini vinasaba vya binadamu haimo ndani yake. Damu ya Kikwit isingelindwa na itifaki hiyo. Na mkataba wa dunia kuhusu magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 uliliacha suala la kugawana vimelea na faida zake likajadiliwe baadaye katika kiambatanisho. Kwa hiyo ngao yetu ni ile karatasi tutakayoiandika wenyewe, kabla chupa haijapanda ndege.

Tatu, tulioko Ubelgiji tujue sheria ilivyobadilika. Zamani kufungua kampuni ya dhima yenye kikomo kulitaka mtaji wa euro 18,550, na wengi wetu tulikata tamaa hapo. Tangu Mei 2019 kiwango hicho kimefutwa. Bado unahitaji notari, mpango wa fedha unaoeleweka na mtaji unaotosha shughuli unayoanza, lakini ukuta ule umeanguka. Watu kumi wa likelemba wanaweza.

Nne, tuwatumie watu wetu wenyewe. Kipodozi chochote kinachouzwa Umoja wa Ulaya lazima kifanyiwe tathmini ya usalama na mtu mwenye sifa, na kisajiliwe kabla ya kuingia sokoni. Neno hilo linamtisha dada yetu msusi. Lakini jamii yetu hapa ina wafamasia na wakemia waliosoma vyuo vya hapa hapa. Mmoja wao akikaa na lile daftari jioni mbili tatu, atajua pa kuanzia na atamwonyesha mlango wa kugonga. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha.

Ndugu wasomaji, kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, tuliamua kuanza na lililo karibu. Jumamosi iliyopita tulikutana watu sita nyuma ya saluni, baada ya kufunga. Tumechanga kiasi cha kulipa karo ya yule mdogo wake, kwa mkopo usio na riba, ili euro 500 zisiendelee kumwita. Tumekubaliana kwamba kampuni ikifunguliwa, sehemu kubwa ya hisa itakuwa yake, kwa maana sisi tumeleta hela na yeye ameleta kichwa. Mfamasia mmoja wa Kirundi ameahidi kuja wiki ijayo kulisoma daftari, na dada yetu amemtaka kwanza atie sahihi kwamba hatalitoa nje. Tulicheka wote, yeye hakucheka. Ameshaanza kuelewa kuliko sisi.

Inawezekana biashara hiyo ikafa. Nyingi hufa, hata zile za Louvain-la-Neuve. Inawezekana pia yule mfanyabiashara akarudi na euro 2,000, na dada yetu akachoka kutusubiri. Hadi tunaandika haya hajampa jibu. Tusimlaumu akiuza ikiwa sisi hatutatokea wiki ijayo.

Nanyi mlioko nyumbani na kwingineko, angalieni saluni zenu, karakana zenu na maabara zenu. Yuko mtu hapo ana daftari. Mfikieni kabla hajafikiwa.